Mbwa koko na bweha: namna ya kupita salama, na la kufanya ukiwa umeng'atwa

Kama umefungua makala haya kwa sababu wewe au mtoto wako ameng'atwa leo, usisome zaidi ya aya hii kwanza. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda kituo cha afya leo hii, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa unamfahamu. Mengine utayasoma ukirudi.

Wengine wote, karibuni. Makala haya ni ya mtu anayetembea kwa miguu kabla ya mapambazuko au baada ya jua kuzama: mama anayewahi sokoni, kijana anayeokota chupa kwenye jalala la Buterere, mwendesha baiskeli wa mizigo, mwanafunzi anayepita njia ya mkato, mzee anayetoka kwenda chooni usiku kambini. Ni ya wakimbizi na ni ya wenyeji, kwa sababu mbwa haulizi kitambulisho.

Kwa nini wanakusanyika

Mbwa huenda kwenye chakula. Mjini Bujumbura hiyo ni kusema majalala, pembezoni mwa masoko, nyuma ya machinjio na mahali migahawa inapomwaga mabaki. Mchana utamwona mbwa mmoja amelala kivulini, mpole, mkia kati ya miguu. Saa nne za usiku mbwa huyohuyo akiwa na wenzake sita ni mnyama mwingine kabisa. Mmoja akibweka wote hubweka, mmoja akikimbilia mtu wote hufuata, na yule wa nyuma ambaye peke yake asingethubutu ndiye mara nyingi anayeng'ata kisigino.

Kambini na kwenye vituo vya muda hali ni hiyohiyo. Palipo na watu wengi, mabaki ya chakula na giza, mbwa hufika. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu kwa maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi na kulala katika uwanja wa michezo wa Rugombo na kwenye mashule, kabla ya baadhi yao kupelekwa Musenyi. Safari za namna hiyo huacha mbwa nyuma bila wenyewe, na huwalaza watoto mahali pasipo mlango wala ua.

Jambo moja watu hulikataa kwa nguvu: wengi wa mbwa tunaowaita koko wana wenyewe. Mchana wanalinda nyumba, usiku wanafunguliwa wakajitafutie chakula. Mwenye mbwa husema hamjui hadi siku mtu mwingine anapompiga jiwe. Hili lina maana kubwa, na tutalirudia tutakapofika kwenye chanjo.

Kuna wakati wa kujihadhari zaidi. Jike akiwa kwenye joto, madume hukusanyika kumfuata na kupigana njiani, na kundi hilo halina subira na mpita njia. Jike mwenye watoto hushambulia hata mtu anayemzoea. Mbwa anayekula, mbwa aliyefungwa kamba fupi na mbwa aliyelala usimguse wala usimkaribie.

Ukikutana na kundi

Usikimbie. Ni rahisi kuandika, ni vigumu kufanya, lakini mbwa hukimbiza kinachokimbia na mwendo wake unaushinda wako. Simama. Geuka ubavu kidogo badala ya kuwakabili kifua kwa kifua, usiwakazie macho, na usitabasamu, maana meno yaliyo wazi kwa mbwa ni tishio. Kisha rudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, ukitafuta ukuta, mti, gari au ua wa kuegemea. Kundi linalozunguka hutafuta mgongo wako. Ukiwa na ukuta nyuma yako umelipunguzia nusu ya nguvu.

Weka kitu kati yako na mbwa. Bidoni, kikapu, mkoba, mwavuli, kiti cha plastiki, baiskeli: chochote anachoweza kung'ata badala ya mguu wako. Mwendesha baiskeli ashuke na aisukume, ikiwa ndiyo ukuta wake. Dereva wa pikipiki apunguze mwendo, kwa sababu wengi huumia kwa kuanguka kuliko kwa meno.

Sote tumelelewa na ujanja wa kuinama kana kwamba unaokota jiwe. Mbwa wa huku wanaijua ishara hiyo na mara nyingi hurudi nyuma. Itumie wakiwa mbali. Wakiwa wamekufikia usiiname, kwa sababu unashusha uso na shingo hadi usawa wa midomo yao. Kuwatupia mawe pia kuna hasara yake: kundi lililopigwa mawe leo litamshukia mtoto wa shule kesho asubuhi.

Ukiangushwa, jikunje kama mpira, uso chini, mikono imefumbatwa nyuma ya shingo na kufunika masikio. Kaa kimya. Mbwa wengi huacha kitu kisichopiga kelele wala kusogea. Watoto wafundisheni hili kama mchezo: ukiona mbwa, kuwa mti, ukianguka, kuwa jiwe. Waambieni pia waseme wakikwaruzwa. Mtoto aliyekatazwa kucheza na mbwa, akikwaruzwa, atanyamaza kwa kuogopa fimbo, na ukimya huo unaweza kumuua. Tafadhali, usimchape mtoto aliyekuja kukwambia.

Usiku kambini nendeni chooni na bombani wawili wawili, na tochi. Mwanga wa tochi hausaidii kuwafukuza mbwa sana, ila unakuonesha walipo kabla hujawakanyaga.

Bweha, na koyoti wa ng'ambo

Wanaoishi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, upande wa Cankuzo, Karuzi, Muyinga na Ruyigi, wanaweza kumwona bweha mwenye miraba ubavuni. Ni mdogo kuliko mbwa, mwembamba, ncha ya mkia wake ni nyeupe, na hutembea usiku akitafuta panya, wadudu, matunda na mizoga. Kwa kawaida akimwona mtu hutoweka. Hivyo bweha anayekuja mchana kweupe, haogopi, anayumba au anamfuata mtu, huyo ni mgonjwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Usijaribu kumkamata wala kumchinja. Ondoa watoto, funga mbuzi na mbwa wako, na mwambie kiongozi wa mlima wenu au daktari wa mifugo wa tarafa.

Tunaulizwa pia kuhusu koyoti na familia zinazosubiri kuhamishiwa Marekani au Kanada, baada ya kuona video za mnyama huyo akitembea barabarani kati ya nyumba. Koyoti ni wa bara la Amerika peke yake. Afrika hayupo, na bweha ndiye binamu yake wa karibu hapa kwetu. Mashambulizi yake kwa watu ni machache sana. Vifo viwili vinavyojulikana ni vya mtoto wa miaka 3 huko Glendale, California, mwaka 1981, na mwimbaji kijana wa miaka 19 aliyekuwa akitembea peke yake msituni Cape Breton, Kanada, mwaka 2009. Ushauri wa huko ni tofauti na ule wa mbwa: kwa koyoti jifanye mkubwa, inua mikono, piga kelele, mtazame, rudi nyuma bila kumpa mgongo, na mbebe mtoto mdogo. Usiache chakula nje ya nyumba. Kwa kichaa cha mbwa, mnyama wa kuhofiwa zaidi Marekani ni popo. Ukimkuta ndani chumbani usimshike kwa mkono mtupu.

Ukiwa umeng'atwa

Kidonda chenyewe mara nyingi si hatari kuu. Hatari kuu ni kichaa cha mbwa, kwa Kirundi ibisazi vy'imbwa. Kwenye karatasi za hospitali utakuta Kifaransa: rage ndio ugonjwa, vaccin antirabique ndiyo chanjo yake. Kama bado hujui Kirundi, maneno mawili yatakutosha mlangoni: imbwa yandiye, mbwa ameniuma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila watu 100 wanaokufa, 99 waliupata kwa mbwa. Watoto wa chini ya miaka 15 ni kama 40 katika kila watu 100 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa. Sababu ni rahisi: mtoto ni mfupi, uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa.

Virusi vinakaa kwenye mate. Vikiingia kwenye kidonda havipiti kwenye damu kama malaria. Vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja, au mwaka na zaidi. Kadiri kidonda kilivyo karibu na kichwa ndivyo safari inavyokuwa fupi. Katika kipindi hicho chote mtu anajisikia mzima, kidonda kimepona, mambo yamesahauliwa. Kisha huanza muwasho au ganzi pale alipong'atwa, homa, wasiwasi, kushindwa kumeza, kuogopa maji, kushtuka hata kwa upepo. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Mgonjwa hufa karibu kila mara, kwa siku chache. Kwa kuwa muda mrefu umepita, familia nyingi hazikumbuki mbwa. Husema amerogwa, au ana malaria ya kichwani.

Lakini ile safari ndefu ya virusi ndiyo nafasi yako. Chanjo ikitolewa kabla havijafika kwenye ubongo, mtu anapona. Tangu Julai 6, 1885, Louis Pasteur alipomdunga mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, jijini Paris, kanuni haijabadilika: wahi.

Anza na maji na sabuni. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, basi tumia saa ya simu. Kama maji ni ya mgao, toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha bidoni uache yatiririke taratibu juu ya kidonda huku ukisugua povu hadi ndani. Sabuni yoyote inafaa, hata ya mche. Baada ya hapo paka spiriti au ayodini kama ipo. Usikifunge kwa kubana, na usikubali kishonwe harakaharaka na mtu wa dawa wa mtaani.

Visivyofaa tunavijua sote: jivu, pilipili, mafuta ya taa, majani yaliyotafunwa, manyoya ya mbwa mwenyewe. Jiwe jeusi nalo, linalouzwa Kivu na huku kwetu kwa ajili ya nyoka, halinyonyi virusi hivi. Linashika kwenye damu, linaanguka, na watu wanaamini sumu imetoka. Aliyepona baada ya jiwe jeusi aling'atwa na mbwa asiye na ugonjwa. Muislamu anayejua hukumu ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, chombo alicholamba mbwa, asitie udongo kwenye kidonda. Aoshe kwa sabuni, aende hospitali, na mambo ya twahara amuulize shehe baadaye.

Kituoni eleza bayana: saa, mahali, mbwa alikuwa wa namna gani, alichokozwa au la, mwenyewe anajulikana au la. Kulambwa kwenye ngozi nzima hakuhitaji chanjo. Mkwaruzo usiotoa damu unahitaji chanjo. Kidonda kinachotoa damu, au mate yaliyoingia kwenye jeraha, jicho au mdomo, kinahitaji chanjo pamoja na dawa nyingine ya kinga inayodungwa palepale kwenye kidonda, pale inapopatikana. Mtoto wa mbwa wa wiki chache, mzuri na mnene, anaambukiza sawa na mbwa mzima. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Si kila kituo kina chanjo kwenye friji yake. Ukiambiwa haipo, usirudi nyumbani kusubiri: omba karatasi ya rufaa na uulize ni hospitali gani inayo. Mkimbizi aliye kambini amwone mhudumu wa afya wa kambi au kiongozi wa bloku siku hiyohiyo, awe na karatasi au asiwe nazo. Na ile hofu ya zamani ya sindano nyingi za tumboni, iacheni. Siku hizi chanjo huchomwa begani, kwa mtoto mdogo pajani, na mama mjamzito au anayenyonyesha huipata bila shida. Haichomwi makalioni, ukiona muuguzi anaelekea huko, muulize kwa heshima.

Sindano ya kwanza huitwa siku ya 0. Zinazofuata ni siku ya 3 na ya 7, na kwa utaratibu mwingine huendelea hadi ya 14 au ya 28. Hapa ndipo wakimbizi wengi hupotea njiani. Familia inang'atwa ikiwa kwenye kituo cha muda, mtoto anapata sindano ya kwanza, keshokutwa jina lake linaitwa, basi linaondoka kwenda Musenyi au Kavumu, na kadi inabaki kwenye godoro. Kadi ya chanjo ibebe mfukoni pamoja na karatasi za usajili, si kwenye mzigo. Mwambie anayeandikisha majina ya basi kwamba mtoto yuko kwenye chanjo ya mbwa na taja tarehe ya sindano ijayo. Ukifika, kwanza onesha kadi kwenye zahanati ya kambi, hema litafuata.

Mbwa wa nani?

Ugomvi kuhusu mwenye mbwa huanza dakika ileile, na hasa kati ya mkimbizi na mwenyeji huchukua siku nzima. Uacheni hadi mgonjwa arudi kutoka kituoni. Hata wanaotaka mwenye mbwa agharamie matibabu watafanikiwa zaidi wakiwa na karatasi ya kituo mkononi, mbele ya kiongozi wa mtaa au wa mlima, kuliko kwa kelele za barabarani.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumia, afungwe apewe chakula na maji kwa siku 10. Mbwa mwenye virusi kwenye mate hufa au huonesha dalili ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, mhudumu wa afya anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Uamuzi ni wake, si wa jirani. Chanjo huanza wakati mbwa bado anaangaliwa, bila kusubiri. Ikibidi auawe, kichwa kisipondwe, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa kama anayetoka povu na kung'ata hata magogo. Yuko mwingine anayejificha gizani, taya limelegea, sauti imekauka, hawezi kumeza. Watu humdhania amekwamwa na mfupa, na mwenye huruma huingiza mkono mdomoni kuutoa. Usiingize. Ng'ombe au mbuzi aliyeng'atwa naye asichinjwe wala kukamuliwa hadi daktari wa mifugo amwone.

Kuua au kuchanja

Kila baada ya mtoto kung'atwa hutokea wanaotaka kutega sumu. Tunaielewa hasira hiyo, lakini haifanyi kazi. Majalala yakibaki, mbwa wa mtaa wa pili huja kula, wenye mbwa huwaficha wao, watoto wa mbwa wasiochanjwa huzaliwa kujaza nafasi, na sumu humfikia kuku na wakati mwingine mtoto.

Kilichofanya kazi kiko karibu nasi. Kisiwani Pemba, Tanzania, kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010 na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Mwaka 2016, uchanjaji ukiwa umelegea, ugonjwa ukarudi kisiwani. Wakachanja upya, na kufikia mwisho wa 2018 ukatokomezwa tena. Utafiti wa miaka mingi pembeni mwa Serengeti nao umeonesha kwamba fisi na bweha huupata ugonjwa, lakini anayeuendeleza ni mbwa wa nyumbani. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kwenda. Kwa kuwa wengi wa mbwa koko wana wenyewe, idadi hiyo inafikika, mradi kila mwenyewe amkiri mbwa wake.

Basi kwa wanaofuga: chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka, na watoto wa mbwa wanahesabiwa pia. Uliza kwa daktari wa mifugo wa tarafa, hasa kuelekea Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambayo ni tarehe aliyofariki Pasteur. Mbwa alale ndani ya ua usiku, au afungwe kamba ndefu yenye kivuli na maji. Mabaki ya chakula yafukiwe au yafunikwe.

Siku ya chanjo mlete mapema, kabla jua halijawa kali, kila mbwa na kamba yake, akishikwa na mtu mzima anayemjua. Mtoto asimlete mbwa anayemshinda nguvu. Asiyeweza kushikika, mwambie mchanjaji tangu mwanzo, kabla hajafika kwenye foleni ya wenzake.